Blanketi la Kompyuta

Vumbi likipata joto ndani ya kompyuta hutoa harufu yake ya peke yake. Inakaribiana na ya pasi ya mkaa, ila kwa nyuma kuna uchungu kidogo, kama wa waya. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye stesheneri moja hapa Sumbawanga nikisubiri kijana anichapie kadi za misa ya arobaini ya mama yangu. Kompyuta yake ikazima yenyewe. Ikawaka. Ikazima tena. Kijana akasonya, akachomoa waya, akailaza sipiyu ubavu, akafungua mfuniko, na ile harufu ikanifuata kwenye benchi nilipokaa.

Akanitazama. "Mama, vipi, unaumwa?"

"Hapana mwanangu. Endelea na kazi."

Siumwi. Ni kwamba nilikuwa nimesharudi Katandala, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya zamani, darasa la tatu, miguu peku kwenye sakafu ya saruji inayouma kwa baridi.

Wenzangu wa rika langu mnazikumbuka kompyuta za wakati ule. Kioo kina kisogo kirefu kama televisheni, kila kipande kinavalishwa kitambaa cha kufuma, na mtoto haruhusiwi kupita karibu akiwa anakula. Yetu baba aliinunua ikiwa kuukuu kutoka ofisini alikokuwa karani. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Kyela, kazi ilimleta huku, akaoa Mfipa, akamfundisha kuchapa. Alipofariki, mama akaiweka mashine chumba cha mbele, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu TUNACHAPA BARUA NA KADI, na kwa hiyo tukala. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaka yake baba, Asajile. Hilo jina nimeliandika kwa makusudi. Nitalirudia.

Sasa kuna jambo la blanketi. Baba alipofariki mama alikuwa mjamzito. Alinunua blanketi la kichanga, la bluu, lenye picha ya sungura mweupe. Mtoto akazaliwa mwezi wa saba, baridi imekomaa, akaitwa Anakleti. Kwetu Ufipa msimu ule mzazi na mwanawe hawachezewi. Madirisha yanafungwa, nyufa zinazibwa kwa matambara, jiko la mkaa linakaa chumbani usiku na mchana, na mgeni akija anasimamishwa kwanza mlangoni apoteze baridi ya nguo zake ndipo asogee kumwona mtoto. Kazi ya kuchochea jiko ilikuwa yangu. Niliifanya kwa majivuno.

Anakleti hakukaa. Asubuhi moja mama alimbeba mgongoni kwenye lile blanketi kwenda hospitali, akarudi na blanketi tupu amelikunja kwapani. Mimi niliambiwa mdogo wako amepumzika. Nikaelewa kwamba amelala huko, akiamka ataletwa. Hakuna mtu mzima aliyenisahihisha, maana walikuwa na ya kwao ya kulia.

Baridi ya mwaka uliofuata ndiyo iliyoiua kompyuta, au ndivyo tulivyosema. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kukatoka mlio kama wa punje ya bisi, na kioo kikawa cheusi. Mama alikuwa na kadi za kipaimara za kigango kizima hazijachapwa. Kisha akaenda kwenye sanduku, akalitoa blanketi la Anakleti, akaizungushia sipiyu, akainama, na mimi nikamsaidia kuipandisha mgongoni. Akaikaza kwa kanga kama mtoto, tukaondoka.

Njiani mwanamke mmoja wa jumuiya yetu alimwona kwa mbali na mzigo wenye blanketi la kitoto, akasimama, akapiga makofi ya salamu. "Skola jamani, umejaliwa tena na hukusema?"

"Nimejaliwa, mwenzangu," mama akasema bila kusimama. "Ila huyu hanyonyi. Huyu ananyonyesha."

Yule mwanamke alicheka mpaka akashika mti. Mama naye akacheka, na kwa kuwa sikuwa nimemsikia akicheka tangu blanketi lirudi tupu, nikaipenda ile sipiyu palepale.

Fundi wetu aliitwa Dismasi. Na hilo pia nimeliandika kwa makusudi. Alikuwa fundi redio, na kompyuta alizijulia mbele ya safari, kama wengi wa wakati ule. Akatoa pawasaplai iliyoungua, lile boksi linaloingiza umeme, akaweka nyingine, akapangusa vumbi, akachomoa hiki, akarudishia kile, skrubu zikibaki anazitia mfukoni. Kesho yake mama akarudi nyumbani na blanketi limejaa.

Mnaelewa nilichowaza? Nilikuwa mtoto. Mama alikwenda na Anakleti akarudi na kitambaa. Alikwenda na sipiyu akarudi na sipiyu. Nikasema moyoni, kumbe inategemea umempeleka kwa nani. Siku kadhaa nilitaka kumwambia mama ampeleke Anakleti kwa Dismasi. Namshukuru Mungu sikulisema.

Basi tukaiwasha. Ikawaka vizuri, ikaleta ile picha yake ya mawingu, mama akaanza kuandika majina ya watoto wa kipaimara. Alipofika kwenye jina la tatu au la nne, giza. Kabla hajagusa kitu ikaanza yenyewe, mawingu tena. Giza. Mawingu. Mimi nilidhani inatafuta mvua.

Mama hakuwa mtu wa kukata tamaa haraka. Aliichomoa printa akaijaribu bila printa. Akabadili soketi. Akaazima waya mrefu kwa jirani akavuta umeme wa kwake. Akafungua ubavu wa sipiyu, akachomoa vile vibao vyembamba vya kumbukumbu kama alivyomwona Dismasi akifanya, akachukua ufutio wangu wa shule akavisugua meno ya pembeni mpaka yakang'aa, akarudishia. Ufutio wenyewe ulikuwa mpya, una harufu ya ndizi. Mashine ikawaka, ikanusa, ikazima.

Wateja nao hawakukosa la kusema. Mmoja alisema umeme ni mdogo. Mwingine akasema ina virusi, akaomba maji ya kunawa. Na mwingine akaja karibu na sikio la mama, kwa sababu Sumbawanga kitu kikikataa asubuhi, ikifika jioni kina jina la mtu. Mama akamwambia, "Dada, mchawi wangu ni mmoja tu, ni hii pawasaplai. Nenda ukamtafute wako."

Dismasi akaitwa. Hakufungua hata skrubu moja. Alitega sikio kwenye lile bati, akaligusa kwa kiganja, akatazama dirisha letu lililokuwa linapitisha upepo wa milima ya Mbizi.

"Mama Yusti, hii ina baridi."

"Baridi?"

"Betri ya redio ikizubaa, unafanyaje?"

"Naianika juani."

"Haya. Chuma ni chuma. Chumba chako hiki ni friji. Ipashe moto kidogo, uone."

Na sisi tukaona ni maneno ya akili kabisa. Nani kati yetu hakuwahi kuanika betri juu ya bati ili asikie taarifa ya habari jioni? Mama akafunga madirisha, akaziba nyufa kwa matambara. Akaivika sipiyu blanketi la sungura, likabaki tundu la waya tu. Jiko la mkaa likawekwa chini ya meza. Wateja wakawa wanasimamishwa mlangoni wapoteze baridi kwanza. Mimi nikarudi kwenye cheo changu cha zamani cha kuchochea moto.

Ikawa inazima upesi zaidi. Nasi tukaona haijapata joto la kutosha, tukaongeza mkaa.

Mapenzi yangu kwa ile mashine yaliisha pale. Usiku mimi nililala nyuma ya pazia na shuka moja na koti la marehemu baba, nikisikia upepo unapiga bati, na ng'ambo ya pazia sipiyu imelala na blanketi na jiko. Nikamwuliza mama, "Hivi yenyewe ikipona, utanipa mimi blanketi?" Akasema, "Lala, Yustina." Sikumlaumu. Nilimlaumu sungura.

Ndipo akaja Asajile na lori lake la kununulia maharage. Mtu mkubwa, koti juu ya koti, mafla imezungushwa mpaka puani. Mnyakyusa wa Kyela aliyezaliwa kwenye joto na migomba, akija Ufipa mwezi wa sita anatembea kama mtu aliyetukanwa. Alikaa, akaitazama mashine ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, na sikuona huzuni usoni mwake.

"Shemeji," akasema, "mimi chumba hiki nilikuachia kwa sababu ya kazi. Kazi sasa naona haipo. Nataka niweke maharage."

"Nipe muda, shemeji. Itapona."

"Nitakupa mpaka nimalize kupakia. Nikirudi nikaikuta inachezacheza hivi, wewe utahamia chumba cha uani, na huyu mtoto nitampeleka Kirando kwa shangazi yake Tusekile. Kule kuna dagaa wa kuanika, hakosi kula."

"Na shule?"

"Dagaa hawaulizi umesoma wapi."

Alilisema hilo akicheka. Nimelibeba miaka yote hii kama alivyolitupa, na mafla yake nikiiona.

Kirando sikuijua, lakini sauti ya mama usiku nyuma ya pazia niliijua. Nilisikia mama akiomba. Aliomba kwa Kifipa, na kwa Kifipa mama alikuwa haombi ila kwa jambo asilokuwa na maneno yake ya mjini.

Baadaye kidogo nikaugua kifua. Nilikohoa mpaka nikaona nyota. Asubuhi mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akauondoa upesi. Akapita ng'ambo ya pazia. Nikasikia kitambaa kinavutwa. Akarudi na lile blanketi la bluu, bado lina moto wa mashine, akanizungushia mara mbili, akanibeba mpaka chumba cha mbele, akaniketisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na jiko.

Nikazidi kukohoa. Mkaa ulikuwa mbichi, unatoa moshi. Mama akaniangalia. Akaliangalia lile jiko, akaliangalia dirisha lililozibwa matambara. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua anawaza nini. Sasa nimezaa, najua. Chumba cha Anakleti kilikuwa hivihivi. Alinyanyua jiko likiwa na moto wake akalitupa nje uwanjani. Akang'oa matambara yote, akafungua dirisha mabawa yote mawili, na upepo wa Ufipa ukaingia kama mtu aliyekuwa anasubiri aitwe.

Halafu akakaa chini kando yangu na kulia kidogo, bila sauti. Alipomaliza akajifuta uso, na kwa kuwa kuna watu ambao mikono yao haijui kukaa, akaiwasha mashine. Ubavu wake ulikuwa wazi, maana skrubu bado zilikuwa mfukoni kwa Dismasi. Yakaja mawingu. Akachapa jina. Akachapa la pili. Akachapa ukurasa. Mimi ndiye niliyesema.

"Mama, haijazima."

"Nyamaza, itakusikia."

Mama akachapa mpaka mchana, amevaa soksi mikononi alizozikata ncha, pumzi yake ikionekana kama moshi. Nilikuwa kando yake ndani ya blanketi, sungura kifuani. Kila alipofika mwisho wa ukurasa ananitazama, mimi nainua kidole gumba. Sijawahi kuwa na rafiki mzuri kuliko mama wa siku ile.

Jioni akafunga dirisha kwa sababu yangu, ikazima. Asubuhi akafungua, ikakaa. Akafunga tena kujaribu, ikazima. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Dismasi," akasema, "wewe mwanaume umetupikia mashine." Alimwendea kumwambia aje aifungue upya, aangalie. Dismasi akasema kazi yake alishaimaliza, kama inataka upepo basi ipewe upepo. Na tukaipa.

Asajile akarudi. Mama alipiga magoti na makofi ya salamu kama Mfipa anavyomsalimia mkubwa, akamwekea kiti. Kiti chenyewe alikiweka katikati ya dirisha na mlango. Simwiti mama mjanja, lakini kiti kilikuwa pale.

"Inawaka?" Asajile akauliza.

"Inawaka, shemeji."

"Nitakaa nione."

"Kaa, baba. Chai inakuja."

Akakaa. Mashine ikaunguruma. Mama akachapa. Upepo ukaingia dirishani ukapita kwenye shingo ya Asajile ukatoka mlangoni. Akaongeza mafla. Akaivuta kofia. Chai ikaja, ikapoa kabla haijafika nusu. Alikuwa anaitazama mashine kama paka anavyotazama tundu, akingoja giza, na giza haliji.

"Fungeni hilo dirisha," akasema hatimaye.

"Mashine inataka upepo, shemeji."

"Watu je?"

"Sisi tumezoea."

"Mtoto anaumwa, mnamuua."

Mama akageuka akanitazama. "Yustina, unasikia baridi?"

Nilikuwa nasikia, lakini kwenye uso tu. "Hapana, mama."

Asajile meno yakaanza. Si maneno ya kupamba, yaligongana, tuliyasikia. Akasema nchi hii Mungu aliisahau kwenye maji. Akasimama, akapiga miguu chini kuirudisha, akatoka mlangoni huku akisema chumba tubaki nacho, maharage atayaweka kwingine. Mama hakucheka mpaka lori lilipoondoka. Alipocheka, alicheka akiwa ameegemea ile sipiyu, na kichwa changu kwenye mapaja yake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Asajile alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hujifunza misimu. Sisi miezi ya joto tulichapa alfajiri; yeye safari ya pili hakuja mwezi wa sita. Nilikuwa darasa la sita alipokuja mwezi wa kumi, mvua haijanyesha, bati zinalia kwa jua, na upepo wenyewe ukiingia ni wa moto. Akakaa kwenye kiti kilekile, shati mikono mifupi, ametulia. Mawingu. Giza. Mawingu. Mama alifungua madirisha yote na mlango, akaipepea mashine kwa ungo, akaipepea mpaka ungo ukamponyoka. Asajile alimwacha apepee. Hata hakunyanyua sauti.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Kirando kuanika dagaa, na hivyo ndivyo shule yangu ilivyoishia. Kule nilifunga mdomo nikakua. Mengine ya kule nayajua mimi na Tusekile, naye anajua kwamba nayajua.

Siku ya kuondoka mama alinifuata mpaka kwenye lori, akanirushia juu ya magunia kitu kilichokunjwa. Lilikuwa lile blanketi.

"Mama, Kirando kuna joto," nikasema.

"Najua," akasema. "Chukua."

Nililalia juu yake miaka yote ya ziwani, maana kujifunika ilikuwa haiwezekani. Ninalo. Sungura kabaki masikio.

Kwa hiyo juzi, pale stesheneri, harufu iliponifikia, nilimsogelea yule kijana nikamwuliza mashine yake ina nini. Akanionyesha kwa bisibisi. Katikati ya lile bati kuna feni ndogo, pana kama kikombe, na waya wake mfupi ulikuwa unaning'inia. Akasema walipokuja kubadilisha pawasaplai waliuchomoa wakasahau kuurudisha.

"Hii isipozunguka mashine inachemka, mama. Ikichemka inajizima isiungue."

"Kwa hiyo ni waya huu tu?"

"Huu tu."

Akauchomeka. Ulilia kidogo tu, tak, kama kidole kinavyolia ukikikunja.

Dismasi yupo. Mzee sasa, anauza mbegu za mboga karibu na soko, nikipita ananiita mwanangu. Nimewaza kwenda kumwambia. Nimewaza pia kutomwambia, nikamwachia jina lake humu. Na Asajile kalala Kyela, kwenye joto alilolipenda.

Kijana alikuwa anashika mfuniko aurudishie, na mkono wa pili anavuta dirisha, maana jioni ilikuwa imeingia na upepo wa Mbizi umeamka. Nikamwambia aviache vyote wazi mpaka kadi za mama zitoke.

"Mama, utapata baridi."

"Nimezoea," nikamwambia.

Akacheka, akavaa koti. Mashine ikaleta picha yake, ikakaa. Jina la mama yangu likaja kwenye kioo, Skolastika, herufi moja baada ya nyingine, na halikuzima.